Katekisimu ya Mashairi

Jumamosi, 10 Januari 1998

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na leo ndiyo tumefungua darasa. Tumeazima chumba cha shule ya msingi hapa Ifakara, chenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Magoti ya Severini hayaingii chini ya dawati, basi anakaa upandeupande kama mama aliyepakiwa kwenye baiskeli.

Najiandikia haya kwa sababu sina wa kumlalamikia isipokuwa dada yangu Merina, naye keshachoka. Nina miaka hamsini na tisa. Nilifundisha fasihi ya Kiingereza chuo kikuu mjini mpaka nikastaafishwa, nikarudi kwa Merina hapa Viwanja Sitini nikidhani nimekuja kupumzika. Halafu chuo kingine, hiki cha watu wanaosoma wakiwa makwao, kikaniomba niwafundishe ushairi wa Kiingereza wanafunzi wake wa bonde hili kila Jumamosi. Nikakubali. Sijui nani alinituma.

Wanafunzi wenyewe ni watano. Severini aliwahi kusoma seminari, sasa anafundisha Kiingereza sekondari. Mabula ni kijana wa Kisukuma, baba yake ana ng'ombe kijiji cha Mbingu, naye anafundisha shule ya msingi hukohuko. Wawili ni makarani wa mashamba ya miwa, wanaokuja na lori kupitia Sanje, siku wanayokuja. Wa tano ni Fausta.

Fausta naye ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Mwaka jana alifeli karatasi ya ushairi. Akifeli tena mwaka huu anaondolewa chuoni moja kwa moja, ndiyo sheria yao. Aliniambia hayo hata kabla hatujamaliza kusalimiana.

“Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye niliyefeli.”

“Marahaba. Jina lako?”

“Fausta, mwalimu.”

Jumamosi, 17 Januari

Nimewasomea shairi la mistari minane kwa sauti, polepole, mara mbili. Nilipoinua macho niliwakuta wote wameshika kalamu, wananisubiri.

“Mnasubiri nini?” nikauliza.

“Maana,” akasema Severini.

Nikawaambia maana tutaitafuta pamoja, kila mmoja aseme alichokisikia. Mvua inagonga bati. Mwishowe Mabula akasema kwa upole mkubwa, “Mwalimu, sisi tungekuwa tunajua, si tusingekuja?”

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini nimerudi nyumbani na hasira.

Jumamosi, 24 Januari

Makarani hawakuja, barabara ni tope tupu. Tumesoma shairi la farasi mzee. Severini ameuliza farasi anawakilisha nini. Nikamjibu anawakilisha farasi. Hakulipenda jibu hilo.

Jumamosi, 31 Januari

Nimeanza kuwaelewa, na kuwaelewa kwenyewe kunanikatisha tamaa zaidi.

Katika bonde hili, mtoto wa Kikatoliki hapewi komunyo ya kwanza mpaka amalize katekisimu. Swali linaulizwa, jibu linatolewa neno kwa neno. Ukikosea neno unasubiri mwaka mwingine, na gauni jeupe lililokwisha kushonwa linarudi sandukuni, ukilijia utakuta limekubana. Hata mimi nilipita humo. Nakumbuka nikiimba majibu njiani kutoka kisimani, sijui hata moja lina habari gani, nikiogopa tu kukosea. Watu hawa wamelelewa wakijua kwamba jambo lolote zito lina swali moja na jibu moja, kwamba jibu linatoka juu, na kwamba anayejitungia lake ana kiburi. Sasa wameletewa mashairi. Wanayaheshimu mno, na kwa heshima hiyohiyo hawathubutu kuyagusa.

Mabula si Mkatoliki, wazazi wake wanafuata mizimu ya kwao. Lakini ameshaushika mtindo huu kuliko wenzake.

Jumamosi, 7 Februari

Nataka kuiandika siku ya leo vizuri.

Tulisoma shairi fupi, mistari kumi na miwili. Mwanamke wa nchi ya baridi amefiwa na mtoto. Kila jioni anapoandaa meza anaweka sahani ya mume, sahani yake, na sahani ya mtoto. Mume hasemi kitu. Wakimaliza kula mwanamke anaziosha sahani zote tatu, pamoja na ile ambayo haikutiwa chakula. Basi, limekwisha. Nimelifundisha shairi hili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila mwaka wanafunzi wameniandikia kwamba sahani ni ishara ya kumbukumbu.

Mabula ndiye aliyeanza. “Mwalimu, kwani hao hawali pamoja? Kila mtu na sahani yake, hata mtoto?”

“Ndiyo, kila mtu na yake.”

“Masikini,” akasema Mabula, na alikuwa anawahurumia kweli.

Severini akasema sahani ni ishara ya kumbukumbu. Nikasema ahaa, karibu mzee, nilikuwa nakusubiri. Kisha nikauliza swali ambalo huwa nauliza kwa mazoea tu: kwa nini anaiosha sahani iliyo safi?

Darasani tunatumia Kiingereza, lakini wakiwa na jambo la kweli wanalisema kwa Kiswahili. Fausta akasema, huku anaangalia dawati, “Ili iwe imeliwa.”

“Sema tena.”

“Asipoiosha, maana yake hakuna aliyeila. Akiiosha pamoja na zile nyingine, basi usiku ule walikula watatu.”

Akaendelea, sauti imeshuka kidogo, “Halafu yule mama ana bahati. Sisi tunakula kwenye sinia. Mtoto akiondoka, tunasogea. Siku ileile nafasi yake inajaa, hata huwezi kuonyesha alikuwa anakaa wapi. Yeye kaachiwa sahani.”

Mabula aliacha kuchezea kalamu. Nilikwenda dirishani nikajifanya naangalia mvua, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka wayaone. Kwa miaka yote niliyofundisha hakuna aliyeniambia kitu kama hicho kuhusu shairi hilo, wala maprofesa, wala mimi mwenyewe.

Nilipomsimulia Merina jioni aliacha kuchambua mchele. “Kaka, wewe hujui? Alimzika mwanawe mwaka juzi. Surua. Alikuwa wa miaka minne.”

Jumamosi, 14 Februari

Nimemwambia Fausta ayaandike yale aliyoyasema, na kwamba shairi hilo likija kwenye mtihani aandike hivyohivyo, kwa Kiingereza chake, hata kama kina makosa.

Amekataa. Amekataa kwa adabu, lakini amekataa. Anasema mwaka jana ndivyo alivyoandika. Aliandika alichokiona katika shairi moja kuhusu mto, akiandika kama mtu aliyezaliwa kando ya mto. Karatasi ikarudi imepigwa mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, pembeni wameandika: maelezo binafsi.

“Mume wangu aliniuliza, binafsi maana yake nini, umemtukana mtu?” akasema. Alicheka mwenyewe, mimi sikucheka.

Nimemwambia aliyesahihisha ni mjinga. Akanijibu, “Labda, mwalimu. Lakini ndiye mwenye kalamu nyekundu.”

Jumamosi, 21 Februari

Mto Lumemo umefurika. Hakuna darasa.

Jumamosi, 28 Februari

Hakuna darasa. Chumba chetu kimejaa familia zilizohama maji, na kuku wao. Merina ameniuliza kama kuku nao nitawafundisha ushairi. Nikamwambia angalau wao hawataniuliza maana.

Jumatano, 11 Machi

Treni haipiti, barabara ya Sanje imekatika. Unga umepanda. Watu wote wanasema Elinino, Elinino, kana kwamba ni mtu aliyehamia mtaani. Nimekaa barazani nikisoma shairi la sahani peke yangu, na limeharibika. Kila nikilisoma naona sinia.

Jumamosi, 28 Machi

Maji yamepungua, familia zimeondoka, darasa linanuka tope. Wamekuja Severini na Fausta peke yao. Mtihani ni mwanzoni mwa Juni na tumesoma mashairi manne kati ya kumi na sita.

“Mwalimu, tuandikie tu,” akasema Severini. “Hoja chache kila shairi. Tutazishika.”

Nikamwambia sitafanya hivyo. Nilipandisha sauti zaidi ya nilivyotaka. Nilisema chuo kikuu si mafundisho ya komunyo, na mtu mzima anayetaka kutafuniwa akatafute mama yake. Severini alifumba mdomo. Fausta alikuwa anakuna tope lililoganda kwenye dawati, wala hakuniangalia.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimesubiri darasani mpaka saa sita. Hakuna aliyekuja.

Merina anasema nisijisumbue. Mpunga uliookoka na maji umeanza kutunga mbegu na kwelea kwelea wameingia. Msimu huu familia nzima huhamia shambani, wanakaa kwenye madungu, vile vichanja virefu vya miti, wakiamia ndege kwa kelele na madebe tangu alfajiri mpaka giza, kwa sababu shamba likiachwa asubuhi moja tu, ndege hawaachi kitu. Shule za msingi zenyewe zimebaki nusu. Nani atakuja kusikiliza habari za farasi wa Wazungu?

“Na wewe nenda kaamie,” akasema dada yangu. “Sauti unayo.”

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Wali, kambale, na kwaya ndefu mno.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimewafuata shambani.

Nilivuka kwa mtumbwi penye mkono wa mto, kisha nikatembea juu ya tuta, viatu mkononi, kwa umri wangu huu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Fausta. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ukali wa siku ile, kisha nimshawishi tena. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima kuhusu ujasiri.

Kabla sijawaona niliwasikia. Kwanza debe likapigwa, ndege wakanyanyuka kama vumbi, halafu sauti ya Severini ikapaa juu ya mpunga kwa Kiingereza cha kanisani:

“Baridi ni nini?”

Kutoka dungu la pili Mabula akajibu, “Baridi ni ishara ya kifo!” Debe. Ndege wakahama.

“Ukimya wa mume ni nini?”

“Ukimya wa mume ni kuvunjika kwa mawasiliano!” Debe.

“Sahani ni nini?”

Na kutoka dungu la tatu, mwisho kabisa, penye miti, ikatoka sauti ya mwanamke, kali, safi, haina kosa hata moja:

“Sahani ni ishara ya kumbukumbu!”

Akapiga debe lake, ndege wakainuka juu ya shamba lake, wakarudi kwa Severini, na yeye akaanza upya. Nilisimama kwenye tuta miguu imezama. Walikuwa wamepanga vizuri. Mashamba ya Severini na Fausta yanapakana, Mabula kaja kukaa nao ili wasome pamoja, na kwa kuwa siku nzima ni lazima wapige kelele, wameona wasipoteze kelele bure. Severini ametunga maswali na majibu ya mashairi yote kumi na sita. Mwenyewe ameyaita katekisimu, bila utani wowote.

Waliponiona walifurahi kweli. Mabula aliruka kutoka dungu lake akanishika mkono. Mama yake Severini akaniletea pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, bado una joto. Nimekula nikiwa nimekaa katikati yao, wakinionyesha jinsi wanavyoulizana, watoto wao wadogo nao wakijibu. Mtoto wa Fausta wa kike, hana meno ya mbele, alisema kuvunjika kwa mawasiliano kwa Kiingereza bila kukosea. Wote wakapiga makofi.

Sikuitoa hotuba yangu. Fausta alinisindikiza mpaka mtumbwini.

“Umekasirika, mwalimu.”

“Sijakasirika.”

“Umekasirika. Lakini nikuulize. Haya ya Severini, nikiyaandika nitafaulu?”

“Sijui.”

“Na yale yangu? Nikiyaandika nitafaulu?”

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimtazama nikashindwa kumdanganya. Nikasema nitauliza.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekwenda posta kupiga simu chuoni. Mkuu wa somo ni Polycarp, niliyemfundisha mwenyewe zamani, akiwa kijana mwembamba mwenye maswali mengi. Simu ilikatika mara mbili.

Nikamwuliza karatasi ya ushairi inasahihishwa vipi. Hakuona siri yoyote hapo. Kila shairi lina hoja zake tano kwenye mwongozo, akasema, mtu akitaja nne amefaulu vizuri. Nikamwuliza lile la sahani lina hoja gani. Akanisomea: kumbukumbu, baridi na kifo, kuvunjika kwa mawasiliano, marudio ya kila siku, huzuni kama dhamira kuu.

Severini, peke yake, juu ya dungu, anapigia ndege debe, alikuwa amezipata nne, marudio tu ndiyo yaliyompita.

“Na mtu asiyetaja hata moja,” nikasema, “lakini amelisoma shairi kuliko mimi na wewe?”

Si mtu mbaya. “Mzee Nazari,” akasema, “tuna karatasi mamia, wasahihishaji watatu, na hao watatu wanalipwa kwa kuchelewa. Huyo mtu wako nani atamwona?”

Nikasema nimekuelewa. Akaniuliza hali ya mafuriko.

Jumapili, 26 Aprili

Siku mbili sijasema na mtu. Merina kanipikia uji nikauacha.

Nawaza hivi. Nikishikilia msimamo wangu, Fausta ataandika ya kwake, kwa sababu nimegundua kwamba ananiamini, nikisisitiza atafanya. Atafeli, wataondoa jina lake, atarudi darasa la pili kufundisha herufi mpaka azeeke, na mimi nitabaki na hadithi nzuri ya mwanafunzi aliyesoma shairi. Hadithi itakuwa yangu na gharama itakuwa yake. Nikimpa hoja tano, atafaulu. Ndiyo mambo mawili yaliyopo, nimetafuta la tatu sikuliona.

Jumamosi, 2 Mei

Nimewaandikia.

Wamekuja wote watano, mara ya kwanza tangu Januari. Habari zilienea kwamba mwalimu leo anatoa madesa, na makarani wa miwa wakapata lori. Nimesimama ubaoni nikaandika mashairi kumi na sita, hoja tano kila moja, kuanzia asubuhi hadi alasiri. Chaki ilikwisha, Mabula akakimbia kutafuta nyingine. Sijawahi kuona darasa lenye furaha namna ile. Hakuna aliyesinzia. Severini alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika, kila akikuta hoja ambayo alikuwa nayo.

Nilifika kwenye sahani. Niliandika ya kwanza: sahani ni ishara ya kumbukumbu. Nikageuka. Fausta alikuwa ameinama anaandika kwa mwandiko wake mzuri wa walimu wa shule ya msingi, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Nilisubiri aniangalie. Nilidhani ataniangalia, hata kunilaumu, nami ningefurahi. Alipomaliza mstari aliinua macho, akanitazama mimi kisha ubao, akisubiri hoja ya pili.

Mwishoni alinijia. “Asante mwalimu. Mungu akubariki. Sasa nitalala.”

Nimerudi nyumbani nikamwambia Merina leo nimefundisha vizuri sana, nikaingia chumbani.

Jumamosi, 9 Mei

Wamejibu kwa pamoja mashairi yote. Makosa mawili tu.

Jumamosi, 16 Mei

Hakuna kosa.

Jumamosi, 23 Mei

Nimejaribu jambo la kipumbavu. Nimewasomea shairi ambalo halimo kwenye mtihani, ili tu wasikilize. Walisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, karani mmoja akauliza kama na hili tuliandikie hoja. Nikasema hapana. Akafunga daftari. Nikamwangalia Fausta nikamwuliza, wewe umesikia nini humu? Alifikiri kwa muda mrefu, kwa bidii, uso umekunjamana.

“Bado, mwalimu,” akasema. “Hili hatujasoma.”

Februari asingenijibu hivyo. Mimi ndiye niliyemfanya hivi.

Jumanne, 2 Juni

Wameondoka kwa basi kwenda Morogoro kufanya mtihani. Treni inapita tena. Mvua imekwisha kabisa, jua linachoma, mpunga umekuwa wa manjano bonde zima. Watu wanasema mwaka umetusamehe. Mimi sina raha.

Jumamosi, 13 Juni

Fausta amekuja kuniona na mchele mpya, wa kwanza kukobolewa shambani kwake. Hapa mchele wa kwanza hupelekwa kwa wazazi au kwa mtu aliyekutendea wema. Ameuweka chini kwa mikono miwili, amepiga goti, mimi nikimwambia inuka mama, inuka.

“Sahani ilitoka, mwalimu!”

“Ilitoka?”

“Swali la kwanza! Nilitetemeka. Nikaandika zote tano, neno kwa neno, kama ulivyotupa. Hata alama za vituo.”

Nikasema vizuri. Kisha sikujizuia. “Na ile yako? Ya sinia?”

Aliona haya, kama mtu aliyekumbushwa jambo la utotoni. “Ile ilikuwa yangu tu, mwalimu. Nilikuwa naongea tu siku ile. Nilikuwa sijajua.”

Merina alitoka jikoni akaupokea mchele kwa vigelegele. Waliongea habari za mavuno mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa nao, nikiitikia. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa anajua, kwamba hakuna mtu katika bonde lote hili aliyekuwa anajua kama yeye. Lakini huwezi kumwambia hivyo mtu aliyekupigia goti kwa shukrani.

Alhamisi, 30 Julai

Matokeo yametoka. Wamefaulu wote watano. Fausta amewapita wote, na Polycarp mwenyewe amepiga simu posta kuniachia ujumbe: hongera, kituo chako ndicho kimefanya vizuri kuliko vyote, mwakani tunakuongezea wanafunzi ishirini.

Alhamisi, 6 Agosti

Shule ya sekondari anayofundisha Severini haina walimu wa Kiingereza wa kutosha. Wamesikia matokeo wakamchukua Fausta afundishe kidato cha tatu wakati anaendelea na masomo. Ameacha madawati ya darasa la pili. Leo aliniita nikaone kipindi chake cha kwanza cha ushairi, akaniwekea kiti mbele, karibu na ubao, na wasichana na wavulana wote wakasimama kunisalimia shikamoo kwa pamoja.

Amevaa gauni jipya la kitenge, chaki imepakaa mkononi, sauti imetulia. Ni mwalimu mzuri, mzuri kweli, naandika bila kejeli. Alisoma shairi la mvuvi aliyeuza nyavu zake akahamia mjini, ambako bado huamka usiku kusikiliza upepo. Alilisoma mara mbili, polepole, kama nilivyowasomea mimi.

Akauliza: upepo ni nini?

Darasa likamjibu kwa pamoja: upepo ni ishara ya maisha yaliyopita.

Nyuma kabisa msichana mmoja alikuwa ameinua mkono. Mrefu, sketi imemfika juu ya magoti, huenda hana nyingine. Fausta akampa ruhusa. Msichana akasema kwa Kiswahili, haraka, kama anayeogopa kunyang'anywa zamu, “Madam, mi' naona haamki kwa sababu ya upepo. Anaamka kwa sababu mjini hakuna mtu anayemngoja arudi.”

Nilimgeukia Fausta.

Fausta alimtabasamia yule mtoto, kwa upendo, bila ukali hata kidogo. “Kaa chini, Sikitu,” akasema. “Tunataka jibu.” Sikitu akakaa. Wenzake wakacheka kidogo, naye akachukua kalamu akaanza kunakili yaliyokuwa ubaoni.

Kisha Fausta akanigeukia pale nilipokaa mbele ya darasa lake lote, chaki mkononi, akingoja kuona kama amefanya sawa. Watoto nao wakanigeukia.

Nikatikisa kichwa kukubali.